Stesheni Iliyongoja Karanga

Sisi wa Katanga tumezoea kuiona reli kama kitu cha kudumu. Ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Na mwaka uliofuata tanuri la hapa likatoa shaba yake ya kwanza. Wala shaba hiyo haikuwa ngeni. Wazee wetu waliichimba na kuiyeyusha karne nyingi kabla ya kuja gari la moshi. Reli ilifuata mzigo uliokwisha kujulikana.

Leo twapenda kuwasimulia habari za reli iliyotangulia mzigo wake. Nayo ni ile ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania, nchi iliyoitwa Tanganyika zamani hizo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilipungukiwa sana na mafuta ya kula. Mwaka 1946 serikali yake ikaazimia kulima karanga katika Afrika ya Mashariki, ekari 3,210,000, kwa nguvu za matrekta. Sehemu kubwa ya mashamba ingekuwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kufika baharini. Basi reli ikajengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Tena ikaonekana kwamba meli kubwa zahitaji bandari yenye kina; ndipo ilipojengwa bandari ya Mtwara, ikaunganishwa na reli hiyo. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954.

Na tuangalie vizuri miaka hiyo. Huko Kongwa, mwaka 1947, zilikusudiwa kulimwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Visiki vilivunja majembe ya matrekta, mvua ikakosekana, na udongo ukawa mgumu kama saruji. Nachingwea mvua ilikuwa afadhali, lakini msitu ulikuwa mnene. Mwezi wa Januari 1951 mpango wote ukaachwa, na karibu pauni milioni 36 zikapotea. Maana yake, bandari ya Mtwara ilipofunguliwa, karanga ilizojengewa zilikuwa zimekwisha kukatiwa tamaa miaka mitatu kabla.

Hata hivyo magari ya moshi yaliendelea kwenda na kurudi. Yalichukua mazao ya wakulima wadogo, kama korosho, ufuta na mihogo. Mwaka 1958 tawi likafikishwa Masasi, kwa matumaini kwamba mzigo utaongezeka. Haukutosha. Malori nayo yaligombania mzigo huo huo mchache, na hasara ikazidi mwaka hata mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda si mrefu baada ya Uhuru, reli yote ikafungwa, na vyuma vikang'olewa. Mkulima aliyezoea kupeleka magunia yake stesheni akabaki kutegemea barabara, ambayo wakati wa masika ilikuwa matope matupu.

Je, kosa lilikuwa la nani? Wagogo wa Kongwa walijua tangu enzi za babu zao kwamba mvua ya kwao si ya kuaminiwa. Wakulima wa kusini walijua kulima karanga kwa jembe. Lakini hesabu za ekari zilipangwa mbali nao, na kwa haraka. Nasi twajua kwamba haraka haraka haina baraka.

Si kila kitu kilipotea. Bandari ya Mtwara ingali ikifanya kazi, na korosho za wakulima wadogo hupitia hapo. Tena serikali ya Tanzania imekuwa ikipanga reli mpya, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, penye makaa ya mawe na chuma. Twawatakia heri ndugu zetu wa kusini. Ila kabla ya taruma la kwanza kulazwa, yafaa waulizwe wanaokaa huko: mzigo uko wapi, na ni nani aliyeuona?