Kibanja Kiuzwapo, Ng'ombe Huacha Nini?

Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mtu auzaye makazi yake hauzi kuta na bati tu. Nyumba ya Mhaya husimama katikati ya migomba na mibuni, na yote hayo kwa pamoja ndiyo yaitwayo kibanja. Bei hupatanwa, mashahidi huitwa, na ndugu wa ukoo huulizwa kwanza kama wao wenyewe wataka kununua. (Zamani ardhi ya ukoo iliuzwa na wanaume tu, hukumu ya Mahakama Kuu mjini Mwanza ya mwaka 1990, iliyotokana na shamba la Muleba lililouzwa kwa shilingi 300,000, iliwapa wanawake haki hiyo hiyo.) Kisha muuzaji hufungua zizi na kuondoka na ng'ombe wake. Wanyama hawamo katika mauzo, lakini wameacha mengi nyuma yao.

La kwanza ni rutuba. Kandokando ya ziwa mvua hufikia kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wa huko, uliotokana na miamba ya mchanga, huoshwa chakula chote cha mimea. Ardhi iliyoachwa katika hali hiyo ndiyo rweya, uwanda wa nyasi usiostawisha mgomba. Kibanja kilitengenezwa na ng'ombe. Mchana alilisha rweya. Usiku alilala nyumbani, zamani ndani ya msonge ule ule waliolala watu, juu ya nyasi zilizotandikwa. Nyasi hizo, zikiisha kulowa mkojo na kuchanganyika na samadi, zilipelekwa migombani. Mkojo usidharauliwe: sehemu kubwa ya potasi aitoayo ng'ombe hupitia humo, na mgomba ni mlafi wa potasi. Kibanja kilichopoteza ng'ombe hakififii mara moja. Huishi kwa akiba, na mnunuzi huyaona mavuno ya mwanzo akafurahi. Baadaye mikungu hupungua, na shamba huelekea kuwa kikamba, ardhi ya mihogo na viazi.

Hapo mnunuzi mwenye busara huamua kununua mtamba chotara wa maziwa. Lakini kuna urithi wa pili, nao ni kupe.

Kupe mwekundu wa masikioni, aenezaye ndigana kali, hunyonya damu ya wanyama watatu katika maisha yake, na baada ya kila mlo hujidondosha majanini. Kupe mzima aweza kukaa humo bila chakula zaidi ya mwaka mmoja. Zizi tupu, basi, si zizi salama. Muuzaji aulizwapo hujibu kwamba ng'ombe wake hawakuugua kamwe, na huenda asema kweli. Ndama wengi wa kienyeji huambukizwa wangali wadogo, na wale wanaopona hubaki na kinga, huku wakiendelea kuwagawia kupe vimelea. Mtamba mgeni hana kinga hiyo. Tezi zilizo chini ya masikio huvimba, homa hupanda, pumzi hukatika, na asipotibiwa mapema aweza kufa katika majuma matatu hivi tangu kuambukizwa.

Hata nyumba yenyewe ina wakazi wake. Mabuu ya viroboto wa mbwa na paka hujifungia katika vifukofuko ndani ya nyufa za sakafu, yakasubiri miezi kadhaa, hata mtikisiko wa nyayo na joto la mwili viyaamshe. Ndiyo sababu nyumba iliyokaa bila mtu huuma kuliko ile yenye watu. Dawa yake ni kufagia na kuziba nyufa.

Kwa ndigana kali upo uchanjaji, uliobuniwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970: mnyama hudungwa vimelea hai pamoja na dawa ya kuvidhibiti siku hiyo hiyo. Kinga huchukua majuma kadhaa kujijenga. Kwa hiyo mtamba huchanjwa angali kwa mfugaji aliyemuuza, na nyasi za kumlisha zisikatwe mahali walipolisha ng'ombe wa mwenye kibanja wa zamani.