Nini Kinaila Husuni Kubwa?

Husuni Kubwa, kasri la mawe ya matumbawe na chokaa lililojengwa Kilwa Kisiwani katika karne ya 14, limesimama juu ya mwinuko ulio kando ya bahari. Mwaka 2004 UNESCO iliweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na ikayatoa mwaka 2014 baada ya ukarabati na hatua za kukabili mmomonyoko. Miongoni mwa sababu zilizotajwa za kuyaweka kwenye orodha hiyo, moja inafaa sana kufundishia. Mvua ilikuwa inachukua udongo, na bahari inakula kingo za mwinuko. Mimea iliyoota hapo ilipunguza kasi ya mmomonyoko wa mvua, lakini mimea hiyohiyo ilikuwa inapasua kuta.

Sasa mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu: tuing'oe mimea au tuiache? Jibu halimo kitabuni. Itabidi akisie, aamue kitu gani apime, apime, kisha akubali takwimu zikimkatalia. Huo ndio udadisi wa kisayansi, na ndio unaokosekana katika madarasa yetu mengi. Jakaya Kikwete alipokuwa Rais wa Tanzania aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara za fizikia, kemia na baiolojia, na wananchi wakachangia ujenzi. Maabara zinahitajika, sibishi. Lakini mara nyingi mwanafunzi huingia humo akijua tayari rangi itakayotokea, kazi yake ikawa kuthibitisha alichoambiwa. Tena hakuna maabara inayoweza kumwonyesha miaka thelathini ya mvua ndani ya vipindi viwili.

Hapo ndipo ulimwengu pepe unapofaa: mazingira yaliyotengenezwa ndani ya kompyuta, ambamo mwanafunzi hutembea, hupima na hurudi nyuma katika wakati. Mfano ninaoupenda ni EcoMUVE, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Wanafunzi hukuta bwawa na mitaa iliyo jirani nalo. Wanazunguka, wanapima oksijeni, fosfeti na joto la maji, wanahesabu viumbe, wanazungumza na wakazi. Wakihama kutoka tarehe moja hadi nyingine, siku moja wanakuta samaki wakubwa wamekufa, wanaelea. Hakuna anayewaambia sababu.

Wengi hutafuta mkosaji wa siku ileile: labda mtu kamwaga sumu. Inabidi warudi wiki kadhaa nyuma ndipo waone mbolea ikisombwa na mvua hadi bwawani, mwani ukistawi, kisha ukifa, na bakteria wanaouozesha wakimaliza oksijeni. Kila mwanafunzi katika kundi ana jukumu lake, mmoja wa kemia ya maji, mwingine wa viumbe, kwa hiyo hakuna anayeweza kulifumbua fumbo peke yake. Hapo anajifunza jambo ambalo ubao haulifundishi kwa urahisi: sababu inaweza kuwa mbali na tukio, kwa mahali na kwa wakati.

Kilwa ina malighafi ya kazi kama hiyo. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulipima magofu hayo kwa leza na kutengeneza taswira zake za pande tatu. Zikiongezwa misimu ya mvua, maji kujaa na kupwa, mikoko, na mizizi inayokua mwaka hadi mwaka, darasa la mji jirani wa Kilwa Masoko lingeweza kukata mimea yote ya mwinuko na kuona hali baada ya masika kumi, kisha kuanza upya na kuiacha. Kundi jingine lingeondoa mikoko ufukweni na kulinganisha. Hilo ni jaribio ambalo hakuna mtu mwenye akili atakayeruhusu lifanywe kwenye magofu yenyewe.

Vifaa visitutishe. Miwani ya ulimwengu pepe ya bei ghali si lazima. Kompyuta moja na projekta zinatosha, ilimradi wanafunzi wabishane kabla ya kubonyeza. Majaribio ya kompyuta ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulioanza mwaka 2002, ni ya bure, baadhi yamefasiriwa kwa Kiswahili, na yanaweza kupakuliwa yakatumika bila intaneti. Na mabishano yafanywe kwa Kiswahili, hata kama mtihani ni wa Kiingereza. Mtoto anayetafuta neno la kigeni hapati nafasi ya kufuatilia sababu.

Hofu yangu ni moja. Ulimwengu pepe hutii kanuni alizoandika mtu, na mtu huyo anaweza kuwa amekosea kasi ya mmomonyoko au nguvu ya mizizi. Kwa hiyo darasa litoke. Watoto wa pwani wanajua bamvua na maji mafu kabla hawajajua kusoma. Wapigilie vigingi ufukweni nje ya eneo la magofu, na kila bamvua wapime kwa futikamba umbali kutoka kwenye vigingi hadi ukingo wa udongo. Takwimu hizo ziwekwe kando ya zile za kompyuta. Zikipishana, mwalimu asikimbilie kusahihisha wanafunzi. Awaulize kanuni ipi ibadilishwe, na kwa ushahidi gani.