Nyaatha wa Gikondi, mwalimu aliyewaandikia watu barua

Jumamosi ya tarehe 23 Mei 2015, umati ulifurika katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kando ya barabara itokayo Nyeri kuelekea Mweiga, kushuhudia jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika ardhi ya Kenya. Mtawa aliyefariki karibu miaka 85 kabla ya hapo alikuwa anatangazwa Mwenyeheri. Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam ndiye aliyeongoza ibada kwa niaba ya Papa Francis. Siku hiyo hiyo kule San Salvador, Askofu Mkuu Oscar Romero naye alikuwa akitangazwa Mwenyeheri, na kamera za dunia zikamkimbilia yeye. Nyeri haikujali. Ilikuwa na Nyaatha wake.

Katika vitabu vya Kanisa anaitwa Sista Irene Stefani, wa Shirika la Masista Wamisionari wa Consolata. Nyaatha, mama mwenye huruma, ni jina alilopewa na watu wa Gikondi huko Mukurwe-ini akiwa bado hai, na ndilo lililodumu. Wanaomsimulia hupenda kuanzia mwisho: alimuuguza mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafa. Ni kifo cha kishujaa, sina ubishi. Lakini kifo kilichukua siku chache tu, na kabla yake kulikuwa na miaka kumi ya kufundisha, kutembea na kuandika. Mimi hiyo miaka kumi ndiyo inayonivuta.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kando ya ziwa Idro kaskazini mwa Italia, katika familia ya watoto 12. Nyumbani aliitwa Mercede. Mwaka 1911 alijiunga na masista wa Consolata mjini Turin, shirika lililokuwa limeanzishwa mwaka mmoja tu nyuma na Padri Giuseppe Allamano. Mapema mwaka 1915 alishuka melini Mombasa, kisha akapanda hadi Nyeri. Alikuwa na miaka 23.

Hakupata muda wa kutulia. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika Afrika Mashariki, na Waingereza walihitaji watu wa kubebea jeshi lao chakula na risasi katika nchi isiyo na barabara. Hao ndio wapagazi wa Carrier Corps, ambao kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kwa upande wa Kenya peke yake walikufa zaidi ya 40,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Risasi hazikuwaua wengi kiasi hicho. Sista Irene alipelekwa kuhudumu katika hospitali za wapagazi hao: Voi kwanza, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam.

Hospitali ni neno la heshima tu kwa mahali pale. Yalikuwa mabanda ambamo watu walilazwa chini kwa mamia, wa makabila yasiyoelewana lugha, na Kiswahili kikawa ndicho cha kuwaunganisha. Inasimuliwa kwamba huko Kilwa alirudi jioni moja akakuta kitanda cha mgonjwa wake kiko wazi, kwa kuwa alidhaniwa amekufa na kupelekwa ufukweni pamoja na maiti. Sista akaenda kumtafuta kati ya wafu hadi akampata, akiwa bado anapumua. Sijui kama nesi yeyote wa leo angehimili zamu ya namna hiyo, na yeye hakuwa amesomea uuguzi wa kivita. Vita vilipokwisha akarudi Nyeri, na mwaka 1920 akapangiwa Gikondi.

Anayekwenda Gikondi leo hupita kati ya mikahawa iliyopandwa kwa safu hadi ukingoni mwa mito. Sista Irene hakuiona sura hiyo. Wakati wake Mwafrika wa Nyeri hakuruhusiwa kulima kahawa. Vilima vile vilikuwa vya mahindi, maharagwe, viazi vitamu na malisho ya mbuzi. Kilichobaki vilevile ni miteremko. Nyumba iliyo mbele ya macho yako inaweza kukuchukua saa nzima kuifikia, kwa sababu ni lazima ushuke hadi mtoni na kuparamia upande wa pili, na msimu wa mvua udongo ule mwekundu huteleza kama sabuni. Wazee walimkumbuka kwa viatu vyake: mabuti makubwa mazito yasiyolingana na mwili wake, yaliyochakaa kwa kupanda na kushuka. Kuna sababu ya picha nyingi zinazomwonyesha akiwa safarini.

Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, lakini nusu ya ualimu wake ilikuwa nje ya darasa. Mzazi wa miaka ya 1920 hakuona kwa nini mvulana aache mbuzi, au msichana aache kuni na maji, ili akakae kwenye benchi akiimba herufi. Hapakuwa na sheria ya kumlazimisha. Mwalimu aliyetaka wanafunzi alipaswa kuwafuata nyumbani, akae, azungumze, aulizie wagonjwa, na pengine aondoke bila mtoto hata mmoja na kurudi tena wiki ijayo. Huko huko ndiko alikokutana na mama wajawazito, vikongwe waliotelekezwa na watoto wenye vidonda, akawa anawahudumia.

Kisha zikaja barua.

Mwaka 1920, Sista alipofika Gikondi, ndipo serikali ya kikoloni ilipokuwa inatekeleza sheria ya kipande. Kila mwanamume Mwafrika aliyetoka nje ya eneo la kabila lake alitakiwa kuning'iniza shingoni kikebe cha chuma chenye karatasi ya alama za vidole na jina la mwajiri wake. Kodi ya nyumba nayo ililipwa kwa fedha, na fedha ilikuwa kwa Mzungu. Basi vijana wakaondoka kwenda Nairobi, Mombasa, na katika mashamba ya walowezi. Nyumbani wakabaki wazazi wasiojua kusoma, wasiojua kama mtoto yuko hai au amekufa.

Sista Irene akawa karani wao, bila malipo. Mzazi alikuja, akaketi, akasema kwa Kikuyu alichotaka mwanawe akisikie, naye akaandika. Jibu liliporudi alilisoma kwa sauti, na kama habari ilikuwa mbaya, yeye ndiye aliyelazimika kuitamka. Ni rahisi kukisia yaliyokuwamo: mbuzi aliyezaa, kodi inayodaiwa, dada anayetaka kuolewa, mbona huandiki. Aliwaandikia pia wanafunzi wake wa zamani waliotawanyika mijini, na hapo aliongeza lake: tafuta kanisa lililo karibu, usiache sala. Alikuwa mmisionari, hakuficha. Lakini mama aliyetembea kilomita kadhaa ili apate mistari mitatu kutoka kwa mwanawe hakuwa na neno na nyongeza hiyo. Kwa makisio yangu, jina la Nyaatha lilikolea zaidi kwenye meza ile ya barua kuliko mahali pengine popote.

Nisije nikachora picha tamu kupita kiasi. Misheni ilikuwa sehemu ya mpangilio wa kikoloni, hata pale mtu mmoja mmoja alipokuwa mwema. Mwaka 1929 mgogoro kuhusu tohara ya wanawake uliitikisa nchi ya Wakikuyu. Misheni za Kiprotestanti, ikiwemo ile ya Waskoti ya Tumutumu, ziliwataka waumini waikane mila hiyo, na watu wengi wakajitenga. Wakatoliki hawakudai kiapo cha namna hiyo, kwa hiyo makanisa yao hayakumeguka vile. Hata hivyo swali lililozaliwa wakati ule, kwamba ni nani mwenye haki ya kumfundisha mtoto wa Kikuyu, lilimgusa kila aliyeshika chaki, na shule huru zikaanza kujengwa na wananchi wenyewe.

Swali hilo linanifikisha kwa mwalimu Julius Ngare. Katika masimulizi ya maisha ya Nyaatha, Ngare ni yule mwalimu mwenzake aliyekuwa akiitamani nafasi yake shuleni. Mwezi Oktoba 1930 akashikwa na tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, ambao kabla ya dawa za miaka ya 1940 uliwaua wengi walioambukizwa. Sista Irene alikwenda nyumbani kwake, akamuuguza, akamshika mikononi hadi alipokata roho. Siku chache baadaye naye alikuwa kitandani. Alifariki Gikondi tarehe 31 Oktoba 1930 akiwa na miaka 39, akazikwa katika makaburi ya Mathari, Nyeri.

Masimulizi humtumia Ngare ili tuone ukubwa wa msamaha wa Sista, na kweli unaonekana. Ila mimi hujiuliza ni kosa gani kwa mwalimu Mkikuyu, mwaka 1930, kutamani kuongoza shule ya Kikuyu. Kulikuwa na wengine kama yeye katika kila misheni, kutoka Gikondi hadi Meru, waliofundisha kwa mshahara mdogo na kutafsiri mahubiri ya wageni. Wengi wao hawana hata ukurasa mmoja ulioandikwa kuwahusu.

Faili ya kuomba Nyaatha atangazwe Mwenyeheri ilichukua miaka mingi Roma. Muujiza uliokubaliwa haukutokea Nyeri bali Nipepe, kaskazini mwa Msumbiji, Januari 1989, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto. Watu zaidi ya 200 waliokimbilia kanisani walimwomba, na maji machache yaliyokuwa katika kisima cha ubatizo yakawatosha kwa siku kadhaa. Mwaka 2015 mabaki yake yalihamishiwa Kanisa Kuu la Consolata mjini Nyeri. Ili atangazwe mtakatifu unahitajika muujiza mwingine. Wakati unasubiriwa, kila mwishoni mwa Oktoba mahujaji huteremka na kupanda vilima vya Mukurwe-ini hadi Gikondi, na waliozoea njia ile huwaonya wageni wasije na viatu vya mjini.