Kondraiti Isiyo na Vitone: Jiwe la Ivuna na Uainishaji wa Vimondo kwa Kiswahili

Neno kimondo hubeba dhana mbili katika Kiswahili: mwali upitao angani usiku, na jiwe linalobaki ardhini mwali huo ukishazimika. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hili halina taabu. Taabu huanza pale mwalimu wa sayansi wa Kasulu au Kibondo anapoletewa na mwanafunzi jiwe jeusi lililookotwa shambani, akaulizwa kama ni kimondo, na cha aina gani.

Mfano unaomjia Mtanzania upesi ni Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma na nikeli linalokadiriwa kuwa na tani 12 hadi 16. Mfano huo ni mashuhuri, lakini unapotosha. Zaidi ya asilimia 90 ya vimondo vinavyoonekana vikianguka ni vya mawe. Atafutaye uzito na kutu atakiacha kimondo na kubeba jiwe la murram. Kipimo cha awali ni chepesi: jiwe lisuguliwe upande wa nyuma wa kigae, usiong'arishwa. Likiacha mchoro mwekundu, kwa kawaida ni mawe ya chuma ya hapahapa duniani.

Uainishaji wenyewe huhitaji maabara. Hukatwa kipande chembamba, unene wa mikromita 30 hivi, ili mwanga upenye chini ya hadubini. Vikionekana vitone vya mviringo vilivyoyeyuka na kuganda kabla ya sayari kukamilika, jiwe huitwa kondraiti, jina litokanalo na neno la Kigiriki lenye maana ya punje. Kisha huongezwa tarakimu. Tarakimu 3 ni ya jiwe lililobadilika kidogo kabisa. Kushuka hadi 1 ni kazi ya maji, kupanda hadi 6 ni kazi ya joto.

Hapa ndipo mfasiri hunaswa. Akiunda istilahi kwa maana, tuseme "jiwe la vitone", atagongana na jiwe la Ivuna, lililoanguka tarehe 16 Desemba 1938 katika eneo ambalo leo limo Mkoa wa Songwe, mkoa uleule wa Mbozi. Jiwe hilo la gramu 705 ni kondraiti, ila halina vitone: maji yaliyageuza madini yake karibu yote kuwa ya namna ya mfinyanzi. Limewekwa kundini kwa kemia yake, kwa kuwa uwiano wa elementi zake, ukiacha zile za gesi kama haidrojeni na heliamu, unakaribia mno ule wa Jua. Kundi lake huitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Sampuli za Ryugu, gramu 5.4, zilizoletwa na chombo cha Japani Hayabusa2 mwaka 2020, zilionekana kufanana na kundi hilohilo. Basi neno la mkopo, kondraiti, japo halijielezi, angalau halisemi uongo.

Mawe ya namna hii ni laini, na maji huyamomonyoa. Katika jangwa la Jiddat al-Harasis, Oman, vimondo vya mawe vilivyo vigumu zaidi hudumu maelfu ya miaka. Kipande kama cha Ivuna kikianguka Kibondo katikati ya masika, kitageuka tope kabla ya shule kufunguliwa, isipokuwa aliyekiona ajue cha kumwambia mwalimu siku ileile.