Dawa peke yake haitoshi: nani atalipa dinari mbili?



Mara nyingi, tukitembelea wagonjwa hapa Kapalata, tunakuta dawa iko juu ya meza, na mugonjwa haponi. Munganga hakukosa. Alipima, akatambua kifua kikuu, akatoa dawa ya miezi sita bila kulipisha, maana katika inchi yetu dawa ile hutolewa bure. Lakini chakula si bure. Toleka ao moto ya kufika kituo cha afya si bure. Tena, mugonjwa anayeishi peke yake hana mutu wa kumuonya siku anapojisikia vizuri na kutaka kuacha dawa. Akiiacha, ugonjwa unaweza kurudi, na mara hii kushinda dawa yenyewe.

Kwa hiyo inahitajika kazi ya muunganishi. Huyu hatoi dawa. Anamusikiliza mugonjwa, anatafuta pamoja naye ni kitu gani kinakosekana, halafu anamupeleka kwa wale wanaoweza kumusaidia: jirani wa kupika, kikundi cha kulima, fundi wa kumufundisha kazi. Lakini nani atailipa kazi hiyo? Tuone namna tatu.

1. Serikali inalipa. Huko mashariki ya London, kwa Bromley-by-Bow, tangu mwaka 1984 muchungaji Andrew Mawson alifungua kanisa la zamani kwa kazi za watu wa mutaa. Baadaye waganga nao walifanya kazi mahali pale pale. Mwaka 2019 serikali ya Uingereza ilipanga kuweka waunganishi zaidi ya 1,000 na kulipa mushahara wao. Namna hii ina nguvu, lakini ina upungufu mumoja: muunganishi analipwa, na kikundi kinachopokea wagonjwa mara nyingi hakiongezewi kitu.

2. Wafazili wanalipa. Kwa Bukavu, hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na munganga Denis Mukwege, inawapa wanawake walioumizwa musaada wa namna ine: matunzo ya mwili, faraja ya moyo, njia ya kujipatia riziki, na musaada mbele ya tribinali. Wafazili wa Sweden na wa Ulaya walisaidia sana. Matunda yake yanajulikana duniani kote. Lakini feza ya mbali inaweza kukatika. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya inchi za nje, na kazi nyingi katika Kongo zilikwama.

3. Hakuna anayelipa. Ndio RECO wetu. Wanapita nyumba kwa nyumba bila mushahara, wakipata kitu kidogo wakati wa chanjo ao wa mupango fulani. Watoto wakilala na njaa, nani atamulaumu RECO akienda shambani?

Tukumbuke Musamaria mwema. Tunahubiri sana mafuta na divai aliyomimina katika vidonda. Dinari mbili tunazisahau. Hakumuomba mwenye nyumba ya wageni kumutunza yule mutu bure: alilipa, akaahidi kurudi na kumaliza deni. Mapendo yake yalikuwa na hesabu.

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya ndogo zilizo hai. Basi kila jumuiya inaweza kuanza hivi:

a) Ichague mutu mumoja mwenye kuaminiwa, apatane na kituo cha afya, tena mugonjwa mwenyewe akubali kutembelewa.

b) Iwe na sanduku la wagonjwa. Kila juma kila mumoja atie kadiri anavyoweza, feza ao muchele. Kwanza zitoke franga za safari na posho ya yule anayetembelea.

c) Hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Majina ya magonjwa yasiandikwe humo kamwe, maana siri ya mugonjwa si mali ya jumuiya.

d) Padri asishike ufunguo peke yake. Sanduku linalotegemea padri mumoja hufungwa siku anapohamishwa.

Sanduku hili haliondoi deni la serikali, tuendelee kuidai. Lakini mugonjwa wa Kapalata hawezi kungoja mupango utoke Kinshasa ao ngambo. Tusitume mutu kwake na mikono mitupu, wala tusimutume muunganishi na tumbo tupu.