Dunia Ina Chakula, Kwa Nini Ghala Ni Tupu?

Ukipita Kwaluguru mwezi wa Julai utaona mahindi kila ua. Malori yanapakia magunia. Rudi mwezi wa Februari. Utawakuta watu wale wale wakinunua mahindi kwa kilo, tena kwa bei ya juu. Mahindi yamekwenda wapi? Leo tulitazame jambo hili pamoja. Si letu peke yetu, ni la dunia nzima.

Kila mwaka wakulima wa dunia huvuna nafaka kiasi cha tani milioni 2,800. Nafaka ni mahindi, mpunga, ngano, mtama na nyinginezo. Watu duniani ni zaidi ya milioni 8,000. Tukigawa sawasawa, kila mtu atapata zaidi ya kilo 300 kwa mwaka, na mtoto mchanga naye tumemhesabu. Chakula hicho chatosha. Hata hivyo, Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2024 watu kiasi cha milioni 673 walikuwa na njaa.

Sababu ni nini? Kwanza, nafaka nyingi hulishwa mifugo, na huko Marekani sehemu kubwa ya mahindi hugeuzwa mafuta ya magari. Pili, asiye na fedha hanunui hata kama duka limejaa. Tatu ni ukame na vita. Vita vya Urusi na Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, bei ya ngano ilipanda duniani kote. Nne, chakula kingi huharibika kabla hakijafika dukani. Hukadiriwa kuwa kiasi cha kilo 13 katika kila kilo 100.

Wazee wetu wanaikumbuka njaa ya mwaka 1974. Mvua zilikosekana, serikali ikanunua nafaka nchi za nje. Tukala unga wa njano, watu wakauita Yanga. Mvua hatuna amri nayo. Vita vya mbali hatuviwezi. Lakini ghala letu twaliweza.

Katika ghala adui mkubwa ni dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Hapa nchini alijulikana kwanza mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hupenda sana mahindi yaliyo kwenye magunzi, na makopa ya muhogo pia. Hutoboa punje mpaka inabaki vumbi. Kwa hiyo kuacha mahindi darini na magunzi yake ni kumwandalia karamu.

Tufanye hivi. Tuyakaushe mahindi vizuri. Ili kuyapima, tia punje na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu, ufunike, utikise. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Yakikauka, tuyapukuchue na kuyapepeta. Kisha tuyaweke katika mifuko isiyopitisha hewa, tukiifunga barabara. Mdudu akikosa hewa hufa. Au tutumie dawa ya kuhifadhi nafaka, kwa kipimo cha bwana shamba au bibi shamba. Dawa ya mbegu tusiitie kamwe katika chakula. Ni sumu.

Sasa tuchukue kalamu. Tuseme nyumba ina watu sita. Kila mmoja anakula nusu kilo kwa siku. Hizo ni kilo 3 kwa siku, na kwa mwaka ni kilo 1,095. Yaani magunia 11 ya kilo 100.

Nyumba hiyo ilivuna magunia 14. Ikauza 6, yakabaki 8. Dumuzi akala 2, yakabaki 6. Kilo 600 ukigawa kwa 3 ni siku 200. Ukianza kula tarehe 1 Agosti, chakula kinakwisha katikati ya Februari, wakati wa kuandaa mashamba ya masika. Ingeuza 3 na kuyatunza 11, ingefika Agosti nyingine.

Tunajua watu hawauzi kwa kupenda. Kuna deni la duka, sare za watoto, ugonjwa. Wengine huuza mahindi yangali shambani. Ndiyo maana hesabu ifanywe kabla mnunuzi hajabisha hodi. Baba na mama wakae pamoja, kwani mama ndiye apimaye unga kila jioni. Andikeni katika daftari magunia yaliyoingia, yaliyotoka na yaliyobaki. Kusoma na kuandika tulikojifunza darasani ni kwa kazi kama hii.

Maswali ya kujadili

1. Nyumba yako ina watu wangapi? Inahitaji magunia mangapi kwa mwaka?

2. Mwaka jana mlipoteza mahindi kiasi gani kwa wadudu na panya?

3. Wanakijiji wafanye nini ili mwenye shida ya fedha mwezi wa Julai asilazimike kuuza chakula cha watoto?