Moto Unaoishia Juu

Nainokanoka, kwenye nyanda za juu za Ngorongoro jirani na kreta ya Olmoti, nyama ya mbuzi hubanikwa kwa vijiti vilivyochomekwa kando ya makaa. Samaki hana nafasi katika mila ya chakula ya Wamaasai wa huko. Hata hivyo, kanuni zinazoupa ubavu wa mbuzi huyo rangi na harufu ndizo zinazotumika kwenye migahawa ya kifahari ya sushi ya aburi, kama Miku, uliofunguliwa Vancouver, Kanada, mwaka 2008. Huko mpishi hupitisha tochi ya gesi juu ya kipande cha samaki kwa sekunde chache tu, kikaungua juu na kubaki kibichi ndani. Wajapani wa Kochi wana ufundi wa zamani zaidi: huwababua samaki wa jamii ya jodari kwa moto mkali wa mabua ya mpunga.

Siri ya kwanza ni maji. Mwaka 1912 Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza jinsi asidi amino na sukari zinavyoungana kwa joto na kuzaa rangi ya kahawia. Ladha nyingi za nyama choma hutoka humo. Mwungano huo hushika kasi panapofika nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Nyama iliyolowa haifiki huko, kwa sababu joto lote linatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Ndiyo maana mpishi makini humkausha samaki kwa kitambaa kabla ya kuwasha tochi.

Kwenye miinuko jambo hili huonekana wazi zaidi. Katika mwinuko wa mita 2,500, mgandamizo wa hewa ni mdogo na maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Supu huchelewa kuiva, hata kuni ziongezwe vipi. Makaa hayana kikomo hicho: uso wa nyama ukishakauka, joto lake hupanda vilevile kama pwani.

Kwa nini basi samaki atosheke na sekunde, na paja la mbuzi lidai saa nzima na zaidi? Samaki hubebwa na maji, hivyo misuli yake imeshikwa na nyuzi chache za kolajeni, tena laini. Protini zake huanza kubadilika karibu na nyuzi 40. Mbuzi hupanda na kushuka vilima kila siku. Nyuzi ngumu zinazoshika misuli yake zinahitaji joto la muda mrefu ndipo zilainike.

Wapishi wengi bado wanaamini kwamba kuibabua nyama hufungia maji yake ndani. Wazo hilo lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katikati ya karne ya 19, na majaribio yamelikanusha. Nyama iliyobabuliwa huendelea kutoa maji. Mlio wake juu ya moto ni maji hayo yakitoka. Faida ya kubabua ni ladha, nayo ni faida kubwa.

Ila moto wa juu hausafishi ndani. Joto hupenya nyama polepole: unene ukiongezeka maradufu, muda wa kufika katikati huwa kama mara nne. Tochi ya aburi haiwezi kuua minyoo ya Anisakis iliyojificha ndani ya samaki, kwa hiyo samaki wa kuliwa mbichi hugandishwa kwanza, kwa mfano kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba.

Ngorongoro kuna hatari nzito zaidi, nayo ni ugonjwa wa kimeta. Bakteria wake, wakipata hewa mzoga unapopasuliwa, hujigeuza kuwa spora zinazostahimili joto na kudumu ardhini kwa miaka mingi. Nyama ya ng'ombe au mbuzi aliyekufa ghafla, huenda kwa kimeta, haisafishwi na makaa, hata ibanikwe mpaka ikauke. Tena anayemchuna huweza kuambukizwa kupitia mchubuko mdogo tu mkononi, kabla kuni hazijawashwa. Mzoga wa namna hiyo usipasuliwe; aitwe afisa mifugo, na mifugo iliyobaki ipate chanjo.